Hodi kwa Mpokea Barua

Usiku wa kuamkia leo niliota maktaba yangu ya programu imeshuka kutoka kwenye kompyuta na kusimama sakafuni, na umbo lake ni la mbuzi ya kukunia nazi.

Kwa asiyejua, maktaba ya programu ni kazi ambayo wenzetu wameshaiandika ili sisi tusihangaike. Hii ya kwangu unaipa jina la mtandaoni, nayo inakwenda kuuliza mwenye jina hilo anakaa wapi na barua zake anapokea nani. Tusihangaike, eti. Kutwa nzima nilikuwa nayo. Nilikuwa nimehamishia barua pepe za zahanati ya Mtakuja kwenye kompyuta mpya, na kila nikiuliza nani anapokea barua za pale, jibu ni moja: hayupo.

Na barua iliyokuwa njiani haikuwa ya mchezo. Mama yangu alikatwa kipande kidogo cha nyama kwenye uvimbe wa titi, kikapelekwa maabara ya mkoani, na majibu yalikuwa yaje kwa barua pepe hiyo hiyo. Tangu hapo mama hali. Anaonja uji kwa ncha ya kijiko, anasema ameshiba. Nililala na hasira, kandambili zangu za kijani zikiwa chini ya kitanda, hapa Korogwe, mwendo wa saa nzima kwa basi kutoka zahanati.

Sasa mbuzi inanitazama.

"Unamtafuta nani?"

"Mpokea barua wa zahanati ya Mtakuja."

"Rekodi ya aina gani?"

"Si nimekwambia mpokea barua?"

"Umetaja mtu. Hujataja aina."

Nikataja aina. Aina ya barua. Mbuzi ikashukuru kwa adabu, kana kwamba muda wote huo hatukuwa tunazungumzia barua, ikatangulia kwa miguu yake minne. Nikavaa kandambili, nikaifuata. Chumba changu kilikuwa kimeshakuwa uchochoro.

Kwa utaratibu wake, ni lazima kwanza tumuulize jirani. Jirani ni mtungi mkubwa, umejifunga kanga, umekaa barazani.

"Hayupo," ukasema, hata salamu haijaisha.

Niliueleza kwamba yupo, mimi mwenyewe nimemwandikisha jana mchana. Mtungi ukasema hayo hauyajui. Jana asubuhi, ulisema, nilikuja kuuliza, ukaenda kwa wakubwa, wakubwa wakasema hayupo, wakaupa hiyo "hayupo" uitunze mpaka ichache. Nikachungulia ndani. Kweli imo, nyeupe kama maziwa, mbichi kabisa. Nilikuwa nimeulizia mtu kabla hajahamia, na kwa haraka zangu nikaujaza mtaa mzima habari kwamba hayupo.

"Itachacha lini?" nikauliza.

"Ikichacha nitanusa," ukajibu mtungi, ukageukia upande wa pili.

Nikaiuliza mbuzi kwa nini tusiende kwa hao wakubwa wenyewe, tuachane na huyu. Ikasema inawezekana, tena ni rahisi, ila sikuwa nimeiambia. Nilitamani kuikalia nikune nazi papo hapo.

Mkubwa wa kwanza ni lango lisilo na ukuta, limesimama peke yake uwanjani. Linasema halimjui mtu yeyote hapa duniani, ila linamjua anayewajua. Anayewajua ni lango jingine, dogo kidogo, nalo halimjui mtu, ila linamjua mwenye mtaa. Nimepiga shikamoo mpaka shingo inauma, na sijapata hata jina la njia.

Kwa mwenye mtaa, mlango ninaujua. Ni mlango wa nyuma wa zahanati ya Mtakuja, ule wa buluu. Pembeni, kwenye kizingiti, imekaa barua. Ina miguu, na miguu imevimba. Juu yake limeandikwa jina la mama.

"Nilifika, nikaambiwa hayupo," barua inasema. "Nikarudi tena, hayupo. Nikikosa safari hii narudi nilikotoka."

"Usiondoke, tafadhali. Mpokeaji yumo humu."

"Kila mtu ananiambia hivyo. Mtungi hausemi hivyo."

Mbuzi inapiga hodi. Kimya. Inapiga ya pili. Kimya. Nainua mkono nigonge kwa ngumi, mbuzi inanizuia.

"Hodi ni tatu. Ya nne haipo, tunaondoka. Nimeandikwa hivyo."

Ndani kuna sauti inasema, bila haraka, kwamba inasikia viatu. Hapo ndipo ninapokumbuka nilivyolelewa. Navua kandambili ya kulia, na kabla sijavua ya kushoto mbuzi inavuta pumzi ya hodi ya tatu. Naiwahi. Naipiga mwenyewe, kwa sauti ya chini, kama mama anavyopiga akienda kwa watu.

"Hodi wenyewe."

"Karibu."

Mwenye mtaa ni kabati la dawa. Likafungua milango, likaniuliza ninachotaka, na nilipotaja jina na aina halikubisha.

"Yupo," likasema. "Tangu jana mchana. Hakuna aliyekuja kuuliza tena."

Nilitaka kulia kwa hasira, lakini barua ilikuwa imeshasimama, inageuka kwenda zake. Nakimbia, mguu mmoja na kandambili, mwingine mtupu. Uchochoro, baraza, mtungi.

"Haijachacha," mtungi unasema.

"Najua," nasema, na naupindua.

"Hayupo" inamwagika uchochoroni. Paka wanakuja, wananusa, wanaiacha. Nainama kwenye mdomo wa mtungi na kusema ndani, polepole, jibu la kabati. Mtungi unalirudia neno kwa neno, na kwa mbali nasikia mlango wa buluu ukifunguliwa.

Simu ndiyo iliyoniamsha. Alikuwa Sista Perpetua, muuguzi wa Mtakuja.

"Hidaya mwanangu, majibu ya mama yameingia alfajiri. Daktari ameyasoma. Si saratani. Mwambie ale sasa."

Nilikaa kitandani nikilia.

"Halafu," akasema baadaye, "ukija uchukue kandambili yako. Hii ya kijani, ya kulia. Ipo hapa mlango wa nyuma. Ulikuja lini, ukaondoka hata hujatusalimu?"

Nikainama chini ya kitanda. Palikuwa na ya kushoto tu, ina matope.

Mama aliniona nikiingia jikoni nachechemea, akauliza nyingine iko wapi. Nikamwambia nimeiacha kwa watu, nitaifuata. Kisha nikamwambia habari zake, nikachukua sahani, nikampakulia.