Kifua cha Mpakia Saruji

"Vuta pumzi. Ishikilie."

Mpakia saruji aliishikilia mpaka macho yakamtoka, kisha kikohozi kikamshinda. Nyuma yake, kwenye foleni ya vifua wazi, mtu alisema, "Lori hilo halifiki vitani." Wakacheka.

Daktari aliondoa kipimo kifuani pake, akaandika.

"Mapafu yamechakaa. Jeshi halikuhitaji."

"Daktari, si ni wewe unayetupima kule kiwandani? Mwaka huu huu umeniandikia mzima."

"Mzima wa kubeba mifuko. Huku watu wanakimbia." Hakuinua kichwa. "Anayefuata."

Mpakia alikuwa na miaka ishirini na sita. Alivaa shati akiwa ameupa ukuta uso.

Nyumbani alimkuta jirani yao, fundi cherehani, ameketi na mama yake. Wana wawili wa fundi huyo walikuwa wamekwenda vitani wiki iliyopita. Jirani alimkabidhi kijana jozi ya soksi nzito.

"Za safari, mwanangu. Ukiwaona wadogo zako huko, waambie mama yao hajambo."

Alizipokea kwa mikono miwili. Neno moja tu la kweli lingetosha kuyamaliza. Akasema, "Nitawaambia, mama."

Jirani alipotoka, mama yake alifunga mlango.

"Wamekukataa."

"Kifua, mama."

"Na soksi za watu umechukua." Akazitwaa, akaziweka mezani. "Nitamtazama vipi yule mwanamke?"

Jumatatu alirudi kiwandani. Msimamizi alimwangalia juu hadi chini.

"Kumbe jeshi nalo linachagua. Sisi hatuchagui. Wenzako wameondoka, kwa hiyo utabeba na sehemu yao. Ukijisikia vibaya, daktari yupo."

"Asante, bosi," alisema. Kilichomuuma ni kwamba asante ile ilimtoka moyoni.

Alibeba mpaka jioni. Mabomba ya kunawia yalikuwa makavu, maji yote yakipelekwa kwenye kambi ya jeshi, akaondoka na vumbi lake, kijivu kuanzia nywele hadi kope, mgongo umepinda. Kwenye kona ya mtaa wao akakutana uso kwa uso na fundi cherehani. Hapakuwa na pa kujificha.

Mwanamke alisogea pembeni kumpisha, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Shikamoo, mzee. Pole na kazi."

Akisema ukweli, atajulikana kuwa hakwenda. Akinyamaza, ataonekana hana adabu. Kikohozi kilikuwa kinapanda. Alikibana kwa meno.

"Marahaba," alimwitikia mama wa watu kwa sauti iliyokwaruzwa na vumbi, akapita.