Meza ya Mtu Mmoja

Wakili alikuwa amelala kifudifudi juu ya kioo cha sakafuni, pua imegandamizwa mpaka imekuwa bapa, akiwaita samaki mmoja mmoja kama mtu anayeita kuku wake jioni. Chini yake hapakuwa na kitu ila maji. Mama yake alisimama mlangoni na sanduku mkononi, akashindwa kuvuka kizingiti. Kioo kilikuwa kinene. Mhudumu aliyewasindikiza alikwisha kusema hivyo, tena akakikanyaga kwa kisigino mara mbili tatu ili waamini. Lakini macho ya mama mtu hayakuona kioo. Yaliona mtoto wa miaka minne amelala juu ya bahari.

"Ondoka hapo," alisema. "Ondoka sasa hivi."

Nyumba yenyewe ilikuwa nzuri, tusiseme uongo. Ilisimama juu ya nguzo katikati ya maji, mbali na nchi kavu, na njia pekee ya kuifikia ilikuwa daraja refu la mbao lililopita mbele ya nyumba nyingine za namna hiyohiyo. Ndani mlikuwa na vitanda vyenye mashuka meupe, bakuli la matunda, na taulo zilizokunjwa kwa ufundi hata mtu akaona haya kuzikunjua. Upande wa bahari palikuwa na mlango wa kioo wa kusukuma kando, kisha kibaraza cha mbao, kisha ngazi. Ngazi hizo ndizo zilizomkosesha raha tangu dakika ile ya kwanza. Zilishuka kutoka kibarazani moja kwa moja hadi majini, hazina kilango, hazina mnyororo, hazina hata kamba ya kumwambia mtu ajiangalie.

Wasingeweza kulipia mahali kama pale, wala wasingethubutu kuuliza bei. Zilikuwa pointi. Mama Wakili alikuwa fundi wa mashine za kupigia picha hospitalini, zile kubwa ambazo mgonjwa husukumwa ndani akiwa amelala, kama mkate unaoingia tanurini. Mashine ikigoma popote, anaitwa yeye. Anafunga sanduku, anaondoka, analala katika hoteli za kampuni moja, leo mji huu, kesho mji ule, na kwa kila usiku aliolala huko kampuni ilimwandikia pointi za kulalia bure siku nyingine. Zilijikusanya kimyakimya kama vumbi juu ya kabati, mpaka mumewe, ambaye alikuwa mwalimu wa jiografia na mtu wa kupenda ramani kuliko safari, alipogundua kwamba zingewatosha watu wanne kwa wiki nzima katika nyumba iliyojengwa juu ya bahari.

Mama mkwe alipoelezwa jambo hilo alikaa akafikiri. Yeye ndiye aliyemlea Wakili mama mtu akiwa safarini, na hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Kwa hiyo," alisema, "huko tunakwenda kulalia zile siku ulizokuwa hupo?"

Hakulisema kwa ubaya. Hilo ndilo lililomchoma zaidi mkwewe.

Basi wakaja. Bibi alitandika shuka juu ya kioo cha sakafuni siku ileile, akatangaza kwamba hawezi kuvaa na kuvua mbele ya samaki asiowajua. Mwalimu alicheka mpaka machozi. Wakili, ambaye jina hilo alilipata kwa sababu hakuna amri aliyopewa asiikatie rufaa, alidai kwamba samaki nao wana haki ya kuona wageni wao, akaruhusiwa kufunua pembe moja. Mama mtu peke yake hakucheka. Alikuwa nje kibarazani, anaburura viti viwili vizito vya mbao kuviweka kwenye kichwa cha ngazi, na alipoona haviaminiki akavifunga kwa mkanda wa joho la kuogea. Kisha akaweka sheria: mlango wa bahari usifunguliwe ila na mtu mzima, na mtoto asikanyage kibaraza bila jaketi la kuokolea, hata jua likiwa kali namna gani.

Mumewe alimwuliza kama amekuja kupumzika au amekuja kulinda benki. Alimjibu kwamba yeye anajua vitu vinavyoharibika. Ilikuwa kweli, kazi yake nzima ilikuwa kufikiri kitu gani kitaharibika na lini. Lakini hofu hii haikuwa ya kazini. Kila maji yalipopiga nguzo, aligeuka kumtafuta mtoto kwa macho. Samaki akiruka tu, yeye huyo, ameshafika mlangoni, roho mkononi, kumbe mtoto yuko kitandani anapaka mguu wa bibi yake mafuta.

Na hapo ndipo alipoanza kuona jambo jingine. Bibi hakugeuka. Bibi alikaa amefumba macho, akasema tu, "Wakili, acha hicho," na kweli Wakili alikuwa ameshika hicho, chochote kile, upande wa pili wa chumba. Baba mtu naye alikuwa hivyo hivyo. Alijua kimya cha usingizi na kimya cha utundu kuwa si kimoja. Wote wawili walikuwa na sikio la mtoto yule. Yeye hakuwa nalo. Ilimbidi amtafute kwa macho kila mara, kama mgeni anayetafuta swichi ya taa ukutani. Jambo hilo lilimtisha kuliko ngazi, na hakumwambia mtu.

Asubuhi ya tatu Bibi aliamka na njaa, kama kawaida yake. Wakili alikuwa bado amelala, amejikunja kwenye kitanda chake kidogo pembeni. Mwalimu alitaka kumwamsha ili wote waende pamoja, mkewe akakataa. Alimwambia atangulie na mama yake kwenye ukumbi wa chakula, yeye atabaki, atamleta mtoto akiamka. Alilisema kwa fahari kidogo. Mume akaitikia, akamshika mama yake mkono, wakashika njia ya daraja wakizozana kuhusu mayai.

Chumba kikatulia. Hapakuwa na sauti ila kiyoyozi kikivuma, na pazia lilikuwa limefungwa vizuri. Ndipo simu ikaita. Alikuwa fundi mwenzake, yuko katika hospitali ya mkoa, mashine imezima na wagonjwa wamejaa kwenye korido. Mama Wakili alitazama kitanda kidogo, akashusha sauti, na ili asimwamshe mtoto akasukuma mlango wa bahari, akatoka kibarazani. Alifungua ule mkanda wa joho, akavuta kiti kimoja kando, akakikalia.

Alikuwa hodari wa kazi yake, na mtu hodari akiingia kazini huwa hayupo tena pale alipoketi. Alimwambia mwenzake azime hiki, awashe kile, aweke mkono ubavuni mwa mashine amweleze anasikia mtetemo wa namna gani. Alisimama akiwa bado anazungumza. Akaingia ndani akiwa bado anazungumza. Na pale, katika chumba chenye kitanda cheupe na kiyoyozi kinachovuma, mwili wake ulifanya unachokifanya kila asubuhi katika kila chumba cha namna ile. Miguu ilitafuta viatu ikavivaa. Mkono ulichomoa kadi, ile inayofungua mlango na kuwasha umeme wa chumba, kwenye kitundu chake ukutani karibu na mlango, taa zikazima, kiyoyozi kikanyamaza. Ukavuta mlango. Mlango ukajifunga wenyewe kwa ule mlio mdogo wa kitasa ambao kwa miaka mingi hakuwa akiusikia tena. Mazoea yana taabu.

Alitembea darajani simu ikiwa sikioni. Jua lilikuwa zuri. Alipofika ukumbini mwenzake alikuwa anacheka kwa furaha, mashine imewaka, na yeye akacheka pia, akaagana naye. Msichana wa mlangoni alimwamkia akamwuliza wako wangapi.

"Mmoja," alijibu.

Akapelekwa kwenye meza ndogo kando ya nguzo. Akaondolewa sahani ya pili na uma wa pili, akamiminiwa kahawa. Alikunjua kitambaa akakiweka mapajani, akanywa. Kwa mara ya kwanza tangu wafike mahali pale, hakuogopa kitu chochote.

Mwalimu alimwona kutoka upande wa pili wa ukumbi. Aliinua mkono kumpungia, akitabasamu, mdomo umejaa. Kisha macho yake yakashuka. Yaliteremka kutoka uso wa mkewe mpaka pembeni mwake, kwenye kimo cha meza, mahali ambapo kichwa cha mtoto wa miaka minne kingekuwa, yakabaki pale yakitafuta. Mkono ulibaki juu. Tabasamu likaanza kumtoka.

Mama Wakili alitazama pale alipokuwa anatazama mumewe.

Kikombe kilianguka, sijui upande gani. Alitoka mbio mguu niponye, akampita msichana wa mlangoni, akapita watu wazima waliovaa kofia pana walioruka kando kumpisha. Nyuma alisikia kiti kikipinduka na Bibi akiuliza mtoto yuko wapi, mtoto yuko na nani. Hakugeuka. Viatu vilimponyoka akaviacha. Daraja lile, ambalo alilipita sasa hivi akicheka, lilikuwa limerefuka kwa namna isiyoelezeka; nyumba zilifuatana zote sawa, milango yote sawa, na katikati ya mbao alikuwa anaona maji, maji, maji.

Mlango wa bahari uko wazi. Kiti nilikiondoa mwenyewe. Mkanda niliufungua mwenyewe. Jaketi liko juu ya ndoano asipofika. Alikuwa anasema maneno hayo kwa sauti bila kujua. Akilini alimwona Wakili akiamka, akishuka kitandani na nywele zake zilizosimama upande mmoja, akiona mwanga, akifuata mwanga. Angekwenda kuwaita samaki. Kwa nini asiende? Angeshuka ngazi moja baada ya nyingine kwa makalio, kama alivyozoea kushuka ngazi zote, na maji yangempokea taratibu bila kupiga kelele. Aliitegea bahari masikio akitafuta kilio. Hakuna. Akakumbuka kwamba hajui kimya hiki ni kimya gani.

Alifika. Aliweka kadi kwenye kitasa, kikawaka taa nyekundu. Aliigeuza, nyekundu tena. Alikuwa ameibana na simu kiganjani njia nzima, na yeye kati ya watu wote alijua simu inaweza kuiharibu kadi kama ile isifungue tena. Mikono iliyozoea kushika nyaya nyembamba kama unywele ilishindwa kuinyoosha. Aliifuta kwenye gauni, akaiweka tena polepole, akiisihi kwa jina la Mungu. Ikawaka kijani.

Alisukuma. Mlango ukafunguka kidogo, ukagota.

Ukagota kwenye kitu laini, kizito, kilicholala chini. Alisukuma tena na kitu hicho kikasogea kidogo bila kusema neno. Akili zikamruka. Aliingiza mkono katika upenyo, akapapasa chini asikoona, akagusa nywele, na kutoka kifuani mwake ikatoka sauti ambayo hakuwahi kuisikia.

"Polepole, Mama," alisema Wakili. "Unanisukuma."

Mtoto alijisogeza. Mama aliingia kwa magoti. Wakili alikuwa ameketi sakafuni nyuma ya mlango, mkavu kabisa, jasho tu puani kwa joto la chumba kilichozimwa. Alikuwa amevaa viatu, cha kulia mguu wa kushoto. Upande wa pili wa chumba mlango wa kioo ulikuwa wazi, pazia linapepea, na pale kibarazani kiti kilikaa kando kama alivyokiacha. Lakini mtoto alikuwa ameipa bahari mgongo.

Mama alimkamata. Alimpapasa kichwa, mabega, vidole vya mikono, akamnusa, akamkumbatia tena kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika kwamba anaumia. Kwa mbali darajani zilisikika hatua za Mwalimu zikija mbio, na nyuma yake sauti ya Bibi ikimwita Mungu na mjukuu wake kwa zamu.

"Ulikuwa unafanya nini hapa mlangoni?" aliuliza alipopata pumzi. "Kwa nini umekaa hapa?"

Wakili alimtazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo kila mmoja analijua.

"Niliamka, viatu vyako havipo," alisema. "Nikajua umesafiri. Nikakaa nikungoje." Alifikiri kidogo, akaona ni haki amsifu. "Leo umewahi kurudi."

Mama mtu alimfuta jasho puani.

"Umeniletea nini?"

Alitazama mikono yake. Simu ilikuwa imeangukia nje darajani. Mkono mmoja ulikuwa mtupu, na katika ule mwingine mlikuwa na ile kadi, imelowa jasho, imepinda. Wakili aliichukua, akaigeuza huku na huku, akaitambua kuwa ni ya mlango. Akamrudishia kwa adabu, akamfunga vidole juu yake kimoja kimoja, kisha akampapasa mkono.

"Si kitu," alisema. "Utaniletea ukienda tena."