Mjumbe Mwenye Adabu Kuliko Wote

Bango la ukumbini lilinyooka kuliko wote waliokaa chini yake: USHIRIKIANO WA SERIKALI NA SEKTA BINAFSI KATIKA USALAMA WA MTANDAO. Evodia, mjumbe wa wafanyabiashara, hakuja kusoma bango. Tangu alfajiri mwizi alikuwa ameiteka WhatsApp ya mashine yake ya kukamua alizeti, anawaandikia wateja kwa jina lake: mafuta yanaisha, lipa mapema uwekewe. Aliokuwa na namba zao alishawapigia. Namba za wengi zilikuwa humohumo kwenye WhatsApp alimofungiwa nje. Jina alilolijenga ndoo kwa ndoo lilikuwa linakamuliwa na mtu mwingine, na mashudu angeachiwa yeye.

Alimkuta Hezekia, afisa wa mitandao upande wa serikali, akipanga viti vya meza kuu.

"Afisa, watangazieni watu wasilipe! Sasa hivi!"

"Mama, sisi tunatangaza kampuni ya simu ikituandikia."

Evodia akamgeukia Laurian wa kampuni ya simu, kijana aliyebanwa na tai nyekundu.

"Shikamoo mama. Sisi tunawatumia wateja ujumbe serikali ikituandikia."

"Marahaba. Basi andikianeni! Si mmekaa kiti kwa kiti?"

Wakakwepana macho kama mtu na mkwewe njiani.

"Leo ni ufunguzi tu," Hezekia akasema. "Kuandikiana ni awamu ya pili."

"Peleka kwenye grupu letu la Ushirikiano, mama," Laurian akaongeza. "Ila mle anaandika admini peke yake. Mwombe Afisa Anselm."

Hapo Evodia akakumbuka. Afisa Anselm! Mtu aliyeanza kila asubuhi kwenye grupu kwa "Shikamooni wazee, itifaki imezingatiwa." Kwa adabu ile wakampa uadmini bila kumuuliza anatoka wapi. Na jana jioni, kwa adabu ileile, alimwomba Evodia tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yake, eti anahakiki wajumbe. Naye akampa.

"Huyo Anselm ni wa nani?"

"Wa kampuni," akasema Hezekia.

"Wa serikali," akasema Laurian.

Walisema kwa pamoja. Ndiyo kazi ya kwanza waliyoifanya pamoja tangu ushirikiano uanze.

"Na nyie mlimpa tarakimu?"

Hezekia akakuta kiti kinachohitaji kupangwa upya. Laurian akalegeza tai.

"Wiki iliyopita," kijana akanong'ona. "Nikabadilisha laini kimyakimya. Afisa Anselm mwenyewe akanirudisha kwenye grupu, tena akanipa pole."

"Na mimi hivyohivyo," Hezekia akasema, akikitazama kiti.

"Mkanyamaza! Na mimi nikaingia shimo lilelile!"

"Mama, kuna sura ya ofisi..."

"Na sura ya kampuni," akadakia Laurian.

Mgeni rasmi akaingia. Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Evodia akatoka nje.

Uani ilisimama pikapu ya Sixbert, maspika mawili kichwani, imekodiwa kuusifia mkutano mtaa kwa mtaa.

"Washa, twende Mandewa kwa wateja wangu. Nipe kipaza."

"Dada Evo, nimekodiwa na Ushirikiano."

"Mimi si mjumbe?"

Sixbert akacheka, akawasha. Njiani, baada ya kusimuliwa yote, akauliza taratibu, "Utawaambia nini? Kwamba ulimpa mwizi ufunguo kwa mkono wako? Watu watakucheka mpaka alizeti ichanue tena."

Evodia akakishika kipaza. Nyumba za kwanza za Mandewa zikapita. Aliwawazia wale wawili ukumbini wakizilinda sura zao huku watu wanaporwa. Akabonyeza.

"Wakazi wa Mandewa! Mimi Evodia wa mashine ya alizeti. Nimeibiwa WhatsApp, kwa ujinga wangu mwenyewe! Anayewaomba malipo siyo mimi! Msitume kitu!"

Kweli walicheka. Mama mmoja alicheka mpaka akaegemea ukuta, kisha akaitazama simu yake, kicheko kikakatika. "Jamani! Nilikuwa nabonyeza namba ya siri!" Mzee mmoja akainua fimbo: "Hata mimi walinipiga hela, binti yangu. Niliona aibu kusema." Simu zikaanza kupigwa kuwaonya jamaa wa Mwankoko na Issuna.

Ya Evodia nayo ikalia. Ni Hezekia.

"Mama, umetangaza bila kibali. Mgeni rasmi amekasirika. Na umeshaondolewa kwenye grupu kwa utovu wa nidhamu."

"Kaniondoa nani?"

"Admini... Afisa Anselm. Viongozi wote tumeweka dole la kuunga mkono."

Evodia akaisogeza simu kwenye kipaza.

"Rudia, afisa. Wa nyumba za nyuma hawajasikia."