Kijani Chini ya Gome

Fundi saa alipofariki, mkewe alibaki na cherehani yake, mama mkwe, na mti wa bonsai usiofika hata magotini, uliokaa ndani ya chungu juu ya ukuta wa uani. Kwa miaka kumi na mmoja marehemu alikuwa akiupunguza matawi na kuukunja kwa waya mwembamba, akiubembeleza hadi mkewe akawa analalamika kwamba ameletewa mke mwenza asiyejua hata kupika.

Baridi ilipoingia, majani yote yakapukutika.

"Huo umekufa," mama mkwe alisema kila asubuhi akipita na ndoo. "Utupe, mwanangu. Unatuwekea msiba ukutani."

"Hapana, mama," alijibu kila mara.

Alikuwa na siri yake. Mumewe aliwahi kumfundisha: kwaruza gome kidogo kwa ukucha, chini yake pakiwa kijani, mti umelala tu, pakiwa kahawia na pakavu, ndiyo basi. Alikwaruza. Kijani! Alilia palepale, nguo mbichi zikiwa begani. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Yeye, kila alipozidiwa na hamu ya mumewe, alitoka uani akakwaruza pengine, akautazama ule ukijani mpaka moyo ukatulia.

Asubuhi moja aligeuza chungu ili upande wa nyuma nao upate jua, akashtuka. Upande huo, unaotazama dirisha la mama mkwe, gome lilikuwa limejaa mikwaruzo asiyoijua, mingine mibichi kabisa. Kati ya mikwaruzo hiyo na yake palibaki upana wa kidole tu. Na mumewe alikuwa amemwonya: mti ukichunwa gome mzunguko mzima, hauamki tena.

"Mama! Nani anauchuna huu mti?"

Mama mkwe alitoka, akauona mti ulivyogeuzwa, akainamisha uso kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Kwani ulifundishwa wewe peke yako?" akasema. "Alinifundisha mimi kwanza."

"Na kila siku unaniambia niutupe!"

"Nilitaka uniambie hapana. Ukisema hapana, najua bado unamtaka mwanangu."

Mke wa fundi alimshika mama mkwe mkono, wakalia kidogo, kila mmoja akimlilia wake, naye ni yule yule. Kisha akaleta kitambaa cha pamba, akakizungusha kwenye shina na kukishona kwa mishono ya karibukaribu.

"Hakuna kuchungulia tena mpaka joto lirudi," akasema.

"Na mti ukifa huku tunangoja?"

"Tutangoja hivyohivyo, mama."

Mama mkwe alikitazama kile kitambaa kwa muda mrefu, halafu akanyoosha mikono yote miwili.

"Mimi sijiamini," akasema. "Nikate kucha."

Mke wa fundi alichukua mkasi wake mdogo wa kukatia nyuzi, akazikata zote kumi, taratibu. Alipomaliza alimpa mama mkwe mkasi, na yeye akanyoosha mikono yake.