Kampuni Inashughulikia

Mwanzia alipomletea mama yake mbwa, hakuna mtu pale Kola aliyekuwa ameomba mbwa. Kamanthe alikuwa na kuku wake, mbuzi wake na jirani yake Kasiva, na kwa miaka yote ya ujane wake hao walimtosha. Lakini mwana akikaa Ujerumani muda mrefu huanza kuona wezi kila kona ya kwao. Alikuja likizo ya Krismasi, akaenda Lukenya kununua jibwa jeusi lenye kifua kipana, akaliita Kaiza, kisha akarudi zake.

Kabla ya kuondoka alimpa mama yake somo. Huko anakoishi, alisema, mbwa hafugwi hivi hivi. Analipiwa kodi, anatiwa alama chini ya ngozi, na sheria inamtaka mwenyewe awe na bima, ili mbwa akimuuma mtu kampuni isimame mahali pake. Yeye alikuwa na mbwa huko, na sasa alikuwa amemwandikisha Kaiza pia kwa kampuni ile ile, kwa simu, akiwa ameketi kwenye kochi la mama yake. Kamanthe aliitikia tu ili asimvunje moyo. Bima yake mwenyewe, akiugua, ilikuwa Kasiva kumshika mkono hadi zahanati.

Wanawake hao wawili waliolewa Kola msimu mmoja, wakalea pamoja, wakazika waume. Kwenye ua wa minyaa uliotenganisha maboma yao palikuwa na pengo, na wote wawili walilipitia bila hodi. Mwanzia alitaka kuliziba kwa seng'enge. Kamanthe alikataa katakata.

Kaiza alikuwa wa kufungwa mchana na kufunguliwa giza likiingia. Siku moja ya jua kali alilia sana pale kwenye mnyororo, Kamanthe akamwonea huruma, akamfungulia mapema. Kasiva akatokea pengoni na sinia la ndengu ili wachague pamoja, kama kawaida yao. Mbwa hakuijua kawaida hiyo. Alimdaka kigimbi, akakitikisa, na Kamanthe alipofaulu kumtoa kwa mpini wa jembe, ndengu na damu vilikuwa vimechanganyika mavumbini.

Walifunga jeraha kwa leso. Katunge, bintiye Kasiva, akampakia mama yake kwenye pikipiki wakaenda Machakos kushonwa na kudungwa sindano ya kichaa cha mbwa. Kamanthe alimfunga Kaiza, akanawa, akavaa viatu vya kanisani ili awafuate. Kisha akampigia mwanawe simu kwanza, na kosa kubwa la siku ile lilikuwa hilo, wala si lile la mnyororo.

"Mwaitu, umewaambia nini?" Mwanzia aliuliza, akimwita mama kwa Kikamba.

"Sijasema kitu. Naenda hospitali. Ni mimi nilifungulia hiyo mbwa."

"Hiyo usirudie kwa mtu. Na usiende. Usiseme pole, usipeleke kitu. Kampuni iko na sheria, mwenye mbwa akikubali makosa kabla wachunguze, bima imeisha. Na hiyo mbwa iko kwa jina yangu. Wakinishtaki, na hapa bado nangojea karatasi za kukaa kabisa, naweza kurudishwa."

"Lakini ni Kasiva."

"Mwaitu, unataka nirudishwe?"

Sasa mama atajibu nini hapo? Kamanthe alivua viatu.

Kwa watu wa Kola, mnyama wako akimuumiza mtu, unakwenda kabla hujanywa hata maji. Unabeba sukari au kuku, unaingia na kusema kwamba mnyama amekosa, na kwa hivyo wewe umekosa. Aliyekuja hashtakiwi. Asiyekuja ndiye anayetazamwa, kwa sababu watu husema huyo alilitaka jambo lile. Kamanthe aliyajua haya toka utotoni. Mwanzia naye aliyajua, ila alikuwa ameyaweka mahali alipoweka Kikamba chake cha heshima.

Jioni Katunge alikuja, akasimama mlangoni.

"Mama anauliza kama uko mzima," alisema. "Anafikiria labda mbwa ilikuuma na wewe, ndio maana hukuja."

Kamanthe akatoa maneno aliyofundishwa na mwanawe. "Mambo ya mbwa iko kwa kampuni. Kampuni inashughulikia."

"Kampuni gani?"

Hata jina lake hakuweza kulitamka. Katunge alimtazama, akaenda zake, na kesho yake pengo lilikuwa limejazwa matawi ya miiba.

Jeraha la Kasiva lilitunga usaha. Kamanthe alizisikia habari hizo sokoni, kutoka kwa watu waliodhani anazijua. Kwenye sala za jumuiya wanawake walianza kumsalimu, "Kampuni haijambo?" na kucheka mpaka wakashika mbavu. Kasiva, mguu ukiwa umefungwa bendeji, hakucheka nao wala hakuwakanya. Kamanthe angependa atukanwe naye mbele ya padri kuliko ukimya ule. Akimtupia Kaiza ugali, alikuwa akimtupia kwa mbali, kwa chuki.

Majuma yalipita. Halafu Mwanzia akapiga simu, sauti imechangamka.

"Mwaitu, wamejibu. Wanasema bima inafunika mbwa wenye wanaishi huku pekee. Mimi sikuwa nimesoma hapo. Lakini ni sawa, kwa sababu huyo mama hajaenda polisi, si ndio? Basi sasa unaweza kwenda kumwambia pole. Hakuna shida."

Kamanthe alikata simu. Kwa mara ya kwanza tangu amzae, alimchukia, na aliona haya kwamba chuki yenyewe ilikuwa tamu.

Alikamata jogoo, akachukua sukari, akazunguka kwa njia ya barabarani hadi getini kwa Kasiva, akabisha hodi. Kasiva hakumpeleka jikoni kwenye vigoda vyao. Alimkalisha sebuleni, kwenye kiti chenye kitambaa, akamletea chai katika kikombe chenye kisahani.

"Karibu, mama Mwanzia," alisema. Zamani alimwita Kamanthe tu.

"Nimekosa," Kamanthe alisema. "Ni mimi nilifungulia hiyo mbwa. Nilikuona ukiumwa na sikukuja."

"Hiyo ya kufungulia nilijua. Niliona mnyororo." Kasiva aliunyoosha mguu wake taratibu. "Nataka kujua kitu moja. Leo umekuja mwenyewe, ama umeambiwa unaweza kuja?"

Kamanthe alitamani kudanganya. Lakini huyu alimjua tangu wakiwa mabiharusi.

"Nimeambiwa naweza."

Kasiva alitikisa kichwa polepole, akamwongezea chai.

"Basi ambia Mwanzia asante kwa kukuruhusu. Na huyo jogoo, rudi naye."

Chai ilipoisha, Kasiva alichukua fimbo yake, akachechemea na mgeni wake hadi getini, akamtakia safari njema. Katika miaka yao yote hakuwahi kumsindikiza, kwa sababu mtu wa nyumbani hasindikizwi.