Mwanamke Aliyelijua Komeo

Jumapili, baada ya chakula cha mchana, Mwokaji alifungua dirisha la sebuleni kupunguza joto. Lilikuwa dirisha kaidi. Komeo lake lilitaka kunyanyuliwa kwanza ndipo livutwe, na wageni wote walilivunjia kucha. Akaegemeza simu kwenye birika, akaketi, akajiunga na kikao cha ukoo.

Baba Mkubwa alikuwa ameshaingia, paji la uso tu likionekana. Shangazi, muuguzi mstaafu aliyehamia nchi za baridi, alikuwa amejifunika blanketi. Kwa miezi kadhaa walikuwa wakiandika mti wa ukoo, kila mtu akiwa kwake. Utaratibu ulikuwa kwamba marehemu haandikwi mpaka wawili kati yao watatu waseme wanamjua. Mwokaji, binti wa ndugu yao, ingawa mdogo, alisema kwa niaba ya baba yake aliyefariki.

Jina likikubaliwa, kisanduku kipya kilifunguka kwenye simu na marehemu mwenyewe akawa ameketi ndani. Babu alikuja na kofia yake. Baba yake Mwokaji alikuja na sweta lenye kiraka kiwikoni. Vipaza sauti vyao vilikuwa vimefungwa na hakuna aliyejua kuvifungua. Waliamkiwa shikamoo, wakaitikia kwa kichwa, na kikao kikaendelea.

Aliyemkosesha Mwokaji usingizi alikuwa mtu hai. Dereva mmoja wa lori aliwapata mtandaoni, akasema naye ni mjukuu wa Babu. Wakamwita Mgeni. Alikuwa na adabu mno, na adabu yenyewe ndiyo iliyomtia Mwokaji wasiwasi. Mara aulize nyumba ya Babu ilijengwa na nani, mara aulize nani anaishi humo sasa. Aliyeishi humo ni Mwokaji, na tanuri lake lilikuwa uani, na mtaa mzima ulikula mkate wake. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema, lakini hawakusema mwenyeji atalala wapi.

Siku hiyo Mgeni aliingia kikaoni, akaomba bibi yake aandikwe.

"Alikuwa mke wa kwanza wa Babu," alisema. "Nyumba aliachiwa na baba yake mzazi. Babu akamtoa humo na mtoto mgongoni, akaoa mwingine."

"Kijana, usituchezee," Baba Mkubwa alisema. "Baba yangu alikuwa na mke mmoja tu. Mama yangu mimi."

"Sitaki nyumba, mzee. Nataka aandikwe tu."

"Ndivyo mnavyoanza. Leo jina, kesho wakili."

Mwokaji alifurahi kwamba mwingine amelisema.

Kabla hawajaulizana, kisanduku kilifunguka chenyewe. Ndani yake aliketi mwanamke mkongwe mwenye kilemba cha maua. Nyuma yake palikuwa na dirisha lenye kioo kilichopasuka pembeni. Mwokaji alitazama simu, akageuka kutazama dirisha lake, ufa ukawa ni ule ule. Akapapasa kiti alichokalia. Nusu asiyoikalia ilikuwa na joto.

"Mtandao unasumbua," Baba Mkubwa alisema.

Babu akazima kamera yake. Tangu afe hakuwahi kuizima.

Mvua ilianza kunyesha, upepo ukaisukumia ndani. Mwanamke kwenye simu aliinuka na, bila kutazama, akanyanyua komeo, ndipo akalivuta. Nyuma ya Mwokaji dirisha likafungwa, na kelele ya mvua ikapungua.

"Simjui," Baba Mkubwa alisema.

Shangazi alishusha blanketi mabegani. "Mimi namjua," alisema. "Mama alikuwa akimtaja akikasirika. Halafu anatukataza tusiulize."

Ikabaki sauti moja. Baba yake Mwokaji alikuwa amesogea mpaka uso umejaa kisanduku. Midomo yake ilisema neno moja, mara nyingi, na Mwokaji alilisoma vizuri tu. Aliwaza tanuri. Aliwaza wakili mwenye adabu akibisha hodi.

"Simjui," alisema.

Aliona haya, haya ya kweli, iliyompanda mpaka masikioni. Baba yake alirudi nyuma, akainama kutazama kiraka chake.

"Asante kwa muda wenu, dada," Mgeni alisema. Akatoka, na hajarudi.

Bibi yake hajatoka. Kila Jumapili yupo kwenye kisanduku chake kisicho na jina, na kwa kuwa ndiye mkubwa wao, huamkiwa wa kwanza. Babu huingia bila kamera. Mwokaji amejizoeza kukaa nusu kiti, na mvua ikinyesha hainuki tena kufunga dirisha.

"Asante, Bibi," humwambia, kisha huuliza ni marehemu gani bado hajaandikwa.

"Tumeshawamaliza wote," Baba Mkubwa hujibu.