Kizibo cha Moyo

Ziba ufa, na bado utajenga ukuta. Shemeji yangu, fundi wa kupiga plasta, haamini hilo. Kwake kila tatizo ni ufa, na kila ufa ni wa kuzibwa kabla mwenye nyumba hajaja.

Miaka yote dada alipopatwa na kipandauso, mistari ya mwanga ikimchezea kwenye jicho moja, akitapika kwenye ndoo kando ya cherehani yake, shemeji alikuwa na jina moja tu la ugonjwa huo: uvivu. "Hata mimi kichwa huniuma," alisema, "lakini nakwenda kazini." Kichwa chake! Kichwa kisichobeba kitu kitaumwa na nini?

Siku moja mkono wa dada ukafa ganzi katikati ya maumivu, akapelekwa kupimwa. Wakampitishia mshipani maji yenye viputo, wakaviona kwenye skrini vikipenya kutoka upande mmoja wa moyo hadi wa pili. Tundu. Dogo tu, la kuzaliwa nalo.

Basi! Yule aliyekidharau kichwa ghafla akawa mgane mtarajiwa. Alitangaza mtaa mzima: "Mke wangu ana moyo." Kama vile sisi wengine tuna maboga.

Tukaenda kwa daktari wa moyo, dada, shemeji, mama na mimi.

"Tunaweza kupitisha kizibo kidogo kwenye mshipa wa pajani hadi moyoni," daktari alimwambia dada. "Lakini siwezi kukuahidi kitu. Watu wengi wana tundu kama hili na hawaumwi kichwa. Wapo waliozibwa wakapata nafuu, wapo ambao kichwa kimewarudia vilevile. Na kuingia moyoni kwa mtu kuna hatari zake."

Shemeji hakusikia "lakini". Huwa haisikii.

"Ziba, daktari. Ziba leo leo." Akamgeukia dada. "Ila tuelewane, mke wangu. Ukishazibwa, habari ya kulala mchana na mapazia yamefungwa imekwisha. Sitaki kusikia kichwa tena. Sawa?"

Dada alitazama vidole vyake. Namjua, alikuwa anaitafuta hiyo "sawa" ampe. Angetoa moyo wake uchokonolewe ili apate ruhusa ya kuwa mgonjwa, halafu kichwa kikirudi aumwe kimyakimya, asije akaitwa mwongo.

"Daktari," nikasema, "vizibo vya saizi ya mdomo mnavyo? Maana tundu linalomuumiza dada kichwa tumekuja nalo, limevaa shati."

Daktari akainamia faili. Mama akanifinya paja. Dada, jamani, alicheka mpaka akashika kiti.

"Sijakubali, daktari," akasema alipopata pumzi. "Nitafikiri. Nikizibwa, ni kwa kuwa nimetaka mimi. Na nikiumwa baada ya hapo, nitalala."

Kwenye korido shemeji akamgeukia mama. "Mama, mwanao amenivunjia heshima mbele ya watu."

"Mwombe radhi shemeji yako," mama akaniambia. "Ni mkubwa wako huyu."

"Kwa umri, ndiyo."

"Wewe mtoto!"

Shemeji akakunja mikono kifuani, akasubiri haki yake.

"Kaa kwenye benchi, shemeji," nikamwambia. "Miguu itakuuma. Radhi siombi."